Je, wajua kwa nini kovu la mtu aliyevutwa uso ni gumu kuliona?

Kwenye upasuaji wa kuvuta uso (facelift), ule wa kuondoa mikunjo na ngozi iliyolegea, kisu kwa kawaida kinaanzia juu ya sikio, kinashuka mbele yake, kinazunguka ndewe pale panapotobolewa hereni, kisha kinapanda nyuma ya sikio mpaka kwenye nywele, na ni pande zote mbili. Ni mkato mrefu huo! Halafu mwaka mmoja baadaye unakaa naye meza moja na huoni kitu. Inakuwaje?

Wengi watakwambia plastiki sajari haiachi kovu, au wale madaktari wanatumia uzi mwembamba sana na wana mkono mwepesi. La kwanza si kweli, kisu kikishapita unene wote wa ngozi kovu lipo tu hata angepasua nani. La pili lina ukweli ndani yake ila ndo linalopoteza watu zaidi, kwa sababu linampa uzi sifa ambayo si yake. Hebu tazama siku zinavyoenda. Nyuzi za usoni hutolewa kama siku ya 5 hadi ya 7, zikikaa sana au zikikazwa sana ngozi inaota kufuata uzi ndani na zinabaki alama za nukta nukta pembeni ya mshono. Lakini wiki ya kwanza kidonda kina asilimia chache tu ya nguvu ya ngozi isiyokatwa, wiki ya 3 ni kama asilimia 20, na hata miezi ikipita kinaishia kwenye 80 hivi. Yaani uzi umeshatolewa na kutupwa wakati kovu bado laini, upana wake bado haujaamuliwa. Hata majaribio ya kulinganisha nyuzi zinazoyeyuka na zile za kutoa, kwenye majeraha ya usoni, kwa ujumla hayakuona tofauti kubwa ya kovu baadaye, ingawa mengi yalihusu majeraha madogo kwahiyo tusiyavute mpaka kwenye uso mzima.

Kinachoamua zaidi ni mvutano. Chukua suruali inayombana mtu mapajani, fundi hata awe hodari vipi, mtu akikaa tu mshono unaachama na matundu ya sindano yanaonekana, maana pale mshononi kitambaa kimebebeshwa kazi ya kuuzuia mwili. Ukiongeza uzi hujasaidia, tundu litachanika pembeni. Ila ukiweka bitana imara ndani, ikabeba yenyewe ule mvuto, kitambaa cha juu kinalala zake na mshono unapotea. Na ngozi inazidi hapo, kwa sababu iko hai: ina seli zinaitwa fibroblasti ambazo zinahisi kuvutwa, na zikivutwa zinamwaga kolajeni nyingi, yaani zile nyuzinyuzi za protini zinazojenga ngozi na kovu, kovu linapanuka au linanyanyuka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Ulaya walikuwa wanakata kipande cha ngozi, wanavuta, wanashona, basi, ngozi ndo ibebe kila kitu. Mwaka 1974 daktari Tord Skoog wa Sweden akaonyesha namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka la chini yake, na 1976 madaktari Mitz na Peyronie wa Ufaransa wakalieleza vizuri hilo tabaka, linaitwa SMAS. Hiyo ndo bitana. Siku hizi linalovutwa na kushonwa kwa nguvu ni hilo, ngozi inatandazwa tu juu na ile iliyozidi inakatwa. Pakukosea ni kwenye ndewe: ikikatwa ngozi nyingi mno pale, ndewe inavutwa chini inagandana na shavu, na mwenye jicho anajua hapo hapo.

Mvutano ukishaisha ndo mahali pa mkato panaleta maana. Mbele ya sikio kuna mkunjo wa asili, mstari ukikaa humo jicho linaupita. Wengine wanaupitisha nyuma ya kile kijinyama kigumu kinachoziba tundu la sikio, unafichika zaidi, ila kwa mwanaume unaweza kumsogezea sharafa mpaka sikioni akawa ananyoa sikio! Kwenye ukingo wa nywele kuna ufundi ninaoupenda kuliko wote: kisu kinalazwa mshazari makusudi kikate vinywele katikati huku mizizi ikibaki chini ya ngozi, baadaye nywele zinaota kupitia kwenye kovu lenyewe. Ndani kabisa ya nywele ni kinyume, kisu kinafuata mwelekeo wa nywele ili mizizi isife pakabaki upara.

Ila mvutano hauelezi kila kitu. Ndewe ya kawaida haivutwi na chochote na bado keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, zinaota pale kwa sababu ya tundu la hereni tu, na sisi wenye asili ya Afrika tunazipata zaidi. Mwenye keloidi ya hereni amwambie daktari mapema, maana mkato wa kuvuta uso unapita hapo hapo.