Leza si dawa ya jino la kupandikiza lililooza ufizi

Jamani hii ya leza, ule mwanga mkali wa kutibia, naisikia kila siku, juzi tu niko Darajani mtu ananambia eti jino lake la kupandikiza linatoa usaha, ye anatafuta pesa akapigwe leza mara moja yaishe. Hayeshi bwana.

Iko hivi. Lile jino mzizi wake ni skrubu, kwa kawaida ya madini ya titani, imekaa ndani ya mfupa, yenyewe haiozi kweli, lakini ukoga unaganda pale kwenye nyuzi za skrubu na bakteria wake wanaleta uvimbe, ufizi unatoka damu, mfupa unalika kidogo kidogo na wala huenda usiskie maumivu. Sasa kazi kubwa ni kuukwangua ule ukoga, kwa vyombo vya mkono au mashine, na ikiwa mfupa umeshaliwa sana mara nyingi ufizi unafunguliwa kwa operesheni. Leza inakuja juu ya hayo, nyongeza tu. Tafiti nyingi zimeona damu inapungua kwa muda mfupi, ila baada ya miezi kadhaa tofauti na usafishaji peke yake ni ndogo au haipo, na muongozo wa 2023 wa wataalamu wa ufizi wa Ulaya haukuipendekeza kwa tiba isiyo ya operesheni.

Halafu leza zenyewe si moja. Ile aina ya erbiamu inafaa zaidi kwenye titani, nyengine zikitumiwa vibaya zinapasha moto, na mfupa ukifika joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja unaanza kuumia.

Na sigara je, umeacha? Maana hiyo nayo inachangia kula mfupa huku we unahesabu pesa za leza.