Je, wajua kwa nini Wajapani humaliza kitamu kabla hawajagusa chai?

Katika migahawa ya vitamu ya Kyoto na Tokyo, ile ya kukaa kaunta na kuletewa vitu vitano au sita kimoja baada ya kingine, mgeni hukutana na jambo asilolizoea. Mbele yake huwekwa kitamu kimoja kidogo, gramu 40 hadi 50, kimefinyangwa mfano wa ua au jani. Chai hakuna. Yeye anasubiri chai ije ndipo aanze kula. Mhudumu naye anasubiri ale amalize ndipo aanze kuipiga. Wakitazamana hivyo, mshindi huwa ni mhudumu.

Mtu wa Unguja, Mombasa au Maskati ana ufunguo wa fumbo hili nyumbani kwake. Halwa hutangulia, kahawa chungu hufuata. Kahawa ile haitiwi sukari, kwa sababu sukari imeshatangulia mdomoni. Wajapani wana mantiki hiyo hiyo, ila wao wameifuata mpaka mwisho. Nini kije kwanza, nini kifuate, na nini kisikae mezani zaidi ya dakika kumi, yote huamuliwa na vitu viwili: uchungu wa chai na tabia ya wanga.

Tuanze na chai yenyewe, macha. Hii haichujwi. Ni jani la chai lililosagwa likawa unga laini kama poda, nawe unalinywa lote. Wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa, mashamba hufunikwa yasipate jua kali. Jani lililokaa kivulini hubaki na thianini nyingi, ambayo huleta ladha nzito inayokaribia ya mchuzi, na huwa na katekini chache, zile zinazokaza ulimi mithili ya ndizi mbichi. Likishachumwa hupigwa mvuke, hukaushwa, hutolewa vishina na mishipa, kisha husagwa kwa mawe yanayozunguka polepole. Jozi moja ya mawe hutoa kama gramu 40 tu kwa saa, maana yakienda mbio hupata moto na harufu huharibika. Ukiona bei ya kopo dogo ukashangaa, sababu ni hiyo.

Hata baada ya kazi yote hiyo, macha ni chungu. Huandaliwa kwa namna mbili. Usucha, chai nyepesi, ni gramu 2 za unga kwa mililita 60 au 70 za maji ya nyuzijoto 80, hupigwa kwa chaseni, kifagio kidogo cha mwanzi, mpaka iote povu. Koicha, chai nzito, ni gramu 4 kwa mililita 30 au 40. Hii haipigwi, hukandwa taratibu mpaka iteleze kama uji mwepesi. Gramu 2 za macha zina kafeini ya miligramu 60 hivi, kwa hiyo koicha ni mara mbili yake ndani ya mafunda matatu. Ukiinywa tumbo likiwa tupu, kichefuchefu hakiko mbali. Ndiyo maana katika sherehe ya chai mgeni hulishwa mlo kwanza, kisha kitamu kikuu chenye unyevu, ndipo koicha ije. Vitamu vikavu, vinavyoitwa higashi, huachiwa usucha. Migahawa ya vitamu imeazima mpangilio huo, hata pale ambapo hakuna mtu anayepiga magoti kwenye mkeka.

Upande wa ulimi nao una lake. Utamu na uchungu vikikutana mdomoni hupunguzana nguvu. Sukari iliyobaki huupokea uchungu wa funda la kwanza, na chai nayo husomba yale maharage laini yaliyoshika kwenye ufizi. Ukianza na chai, kitamu kitakachofuata utakiona kimezidi sukari. Kibaya zaidi ni ule mtindo wa kuuma kidogo na kunywa kidogo: kitamu hugeuka majimaji mdomoni, chai nayo hupoteza harufu, ukakosa vyote viwili.

Maharage? Naam. Vitamu vya jadi vya Kijapani kwa jumla huitwa wagashi, na roho ya vingi kati yake ni anko, maharage yaliyopikwa na sukari. Wapo kwetu wanaotia sukari kwenye maharage ya nazi, kwa hiyo hatuna haki ya kukunja uso. Anko ya kawaida hutumia azuki, punje ndogo nyekundu, na hupikwa hivi. Gramu 250 huchemshwa kwa dakika tano, maji yakamwagwa. Maji hayo ya kwanza ndiyo yenye ukakasi. Hutiwa maji mapya na kuachwa kwenye moto mdogo saa moja hadi moja na nusu, mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili bila kutumia nguvu. Hapo tu ndipo huja sukari, gramu 200 hadi 250, kwa awamu mbili au tatu, na chumvi kidogo mwishoni. Kosa la wengi ni kuwahisha sukari. Sukari huvuta maji kutoka kwenye punje, ganda likakakamaa, na hata ukiongeza saa nyingine motoni halilainiki tena. Kosa la pili ni kukausha kupita kiasi: anko hukaza ikipoa, kwa hiyo huipuliwa ingali laini, pale mwiko unapochora mstari chini ya sufuria na mstari ukachelewa kidogo kujifunika.

Lile ua la mwanzo huitwa nerikiri. Hilo hutokana na maharage meupe yaliyopondwa, yakachujwa maganda, yakakaushwa motoni mpaka ukiyagusa kwa mgongo wa mkono yasinate. Huchanganywa na gyuhi, rojo ya unga wa mchele wa kunata na sukari, kama gramu 50 kwa kila gramu 500 za maharage, hutiwa rangi na kufinyangwa. Ikiwa na maji mengi hunata vidoleni. Ikikauka hupasuka kingo. Ndiyo maana donge lililobaki hufunikwa kitambaa chenye unyevu hata kama ni la dakika tano. Umbo hufuata majira, tena huyatangulia kidogo: ua la mcheri huletwa mezani kabla mti haujachanua. Likishachanua nje, la sahani huonekana limechelewa.

Sukari haikuwa nyingi Japani mpaka ilipoanza kuja kwa meli. Wareno waliofika huko mwaka 1543, hao hao waliotuachia sisi meza, leso na karata, waliwaachia Wajapani keki ya kasutera na peremende za konpeito, na majina yote mawili yana asili ya Kireno. Baadaye Wajapani walianza kulima miwa yao wenyewe. Kutoka Tokushima na Kagawa hupatikana wasanboni, sukari laini sana inayokandwa kwa mkono na kukamuliwa asali yake. Higashi nzuri ni sukari hiyo tu iliyoshindiliwa kwenye kibao cha kuchongwa, nayo huyeyuka ulimini kabla hujatafuna.

Tuje kwenye wanga, maana hapa ndipo wageni huharibu mambo kwa kupiga picha.

Kila aliyekula ugali wa kiporo anajua kinachotokea: kilichokuwa laini jana, leo kimekuwa kigumu na chembechembe. Wanga ukipikwa hunywa maji na kufumuka. Ukipoa, minyororo yake hurudi kujipanga na kuyakamua maji yale. Friji huharakisha jambo hilo kuliko baridi ya kawaida. Sasa chukua kuzukiri, tambi za unga wa mizizi ya mmea uitwao kuzu, ambao ule wa Yoshino, Nara, una sifa kuliko wote. Unga huvurugwa na maji, humiminwa kwenye trei bapa, na trei huwekwa ielee juu ya maji yanayochemka. Rojo ikishika huzamishwa humo humo mpaka igeuke kutoka nyeupe hadi angavu kama kioo. Halafu hutiwa kwenye maji baridi, hukatwa tambi na kuletwa juu ya barafu pamoja na kuromitsu, asali ya sukari nyeusi. Duka la Kagizen Yoshifusa, mtaa wa Gion, limejipatia jina kwa tambi hizi. Una kama dakika kumi. Zikipita, kioo huingia ukungu, tambi hukaza na hazitelezi tena. Hakuna mpishi anayeweza kuzitengeneza asubuhi zikusubiri, na ndiyo sababu ukichelewa dakika 20 unavuruga zamu ya kaunta nzima.

Warabimochi, kitamu kingine laini cha wanga, ina mkasa kama huo. Unga wake halisi hutoka kwenye mizizi ya kangaga aitwaye warabi, ni adimu na ghali, kwa hiyo sehemu nyingi huchanganya au kutumia wanga wa viazi vitamu au muhogo. Siri ya kuutambua ni rangi: warabi halisi ikiiva ina weusi wa kahawia, na ile angavu ya bei nafuu kwa kawaida ni wanga mwingine. Si dhambi, ila usilipe bei ya warabi.

Basi kwa nini gyuhi hukaa laini siku kadhaa, wakati mochi tupu, donge la mchele wa kunata lisilo na sukari, hukauka kesho yake? Sukari. Gyuhi ina sukari karibu mara mbili ya unga, nayo hushikilia maji yasikamuliwe. Mpishi wa halwa anaijua siri hii, ila yeye huongeza na samli.

Kuna rojo ya tatu isiyo na saa, nayo ni kanteni, itokanayo na mwani mwekundu wa baharini. Gramu 4 za unga wake hushika mililita 500 za maji, mradi uchemke dakika mbili kamili; usipochemka, haishiki. Ukitia ndimu wakati inachemka, asidi huivunja, subiri uiipue. Hushika ikifika nyuzi 40 hivi na haiyeyuki tena mpaka ipite 80, kwa hiyo hata mchana wa Dar es Salaam husimama wima. Wenzetu wa Paje na Jambiani wasije wakachemsha mwani wao wakitegemea kanteni: ule hutoa karajinani, rojo ya namna nyingine. Kwa Mwislamu hapa pana nafuu, kwani vitamu vya jadi hutumia kanteni badala ya jelatini ya mnyama. La kuuliza ni mirini, kileo cha mchele cha kupikia, ambacho hutiwa mara kwa mara kwenye dorayaki, vichapati viwili vyenye anko katikati. Na yokani, mche wa maharage na kanteni, usikutishe ukisikia kwamba herufi za jina lake ni za kondoo na mchuzi. Zamani huko China ulikuwa mchuzi kweli. Watawa wa Kibudha wasiokula nyama wakaweka maharage mahali pake, jina likabaki.

Mlo wenyewe basi hupangwaje? Sheria moja haipo, lakini mara nyingi hufunguliwa na kitu baridi na chepesi, vipande vya kanteni na tunda au tofu laini. Ulimi uliopoa huusikia utamu kidogo, kwa hiyo vya baridi hutiwa asali zaidi. Ukiviacha vikapata joto, vitakukinaisha. Hufuata nerikiri na macha, kisha cha wanga kilichopikwa muda huo huo, kisha zenzai, azuki za moto zenye donge la mochi lililochomwa. Kando ya zenzai huwekwa vijiuzi vyeusi vya mwani wenye chumvi. Wengi huvipita wakidhani ni pambo. Kumbe ukila vitatu tu kati yake ukiwa umefika katikati ya bakuli, ulimi uliochoshwa na sukari huamka. Mwisho ni higashi na chai ya pili.

Mezani, kijiti cha mti wa kuromoji ndicho kisu chako na ndiyo uma wako. Kata nerikiri vipande vitatu au vinne, usiichome nzima ukaiuma. Manukato makali yaache hotelini, na pete kubwa ivue kabla ya kushika bakuli la macha.

Anayetaka kuijaribu tabia ya wanga nyumbani hahitaji tiketi ya ndege. Wanga wa muhogo gramu 50, sukari gramu 50, maji mililita 250, vikorogwe vikiwa baridi na kuchekechwa. Weka moto wa wastani, usiache mwiko. Dakika ya tatu hivi rojo itashika chini kwa mabonge; hapo wengi huogopa na kuipua mapema, na unga mbichi husikika mdomoni. Endelea kwa nguvu dakika tatu nne nyingine mpaka yote iwe angavu. Imimine juu ya unga wa soya uliokaangwa ukanukia, ipoe kwa maji baridi chini ya trei, kata, ule ndani ya saa chache. Ikilala frijini itakuwa nyeupe na ngumu. Inyunyizie maji kidogo na uipashe mpaka irudi kuwa angavu, lakini mara ya pili hairudi vizuri.