Mbwa Asipopata Panya

Mbwa wangu akimaliza kuzunguka shehena gatini asionyeshe kitu, mabaharia huniuliza kama amechoka. Hajachoka. Anasema hakuna panya, na kumfundisha mbwa aseme hivyo kwa ukweli ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Tunalinda visiwa vya mbali ambako ndege hutaga chini, kwenye mashimo na nyasi, kwa sababu tangu dahari hapakuwa na mnyama wa kuwala makinda. Panya jike mwenye mimba akishuka na gunia moja, baada ya siku 22 hivi au pungufu wamekuwa familia.

Kwa nini tusitegee mitego tu? Mwaka 2004 watafiti nchini New Zealand walimwachia makusudi panya dume mmoja, Razza, kwenye kisiwa kidogo cha Motuhoropapa, akiwa na kola ya redio. Walipoanza kumsaka akawakwepa, kisha akaogelea mita 400 hadi kisiwa jirani cha Otata. Alikuja kunaswa wiki 18 tangu aachiwe, kwa chambo cha nyama ya pengwini. Na huyo walijua yupo! Panya aliye peke yake, chakula kikiwa tele, hana haja na mtego wako. Mtego humngoja aje; mbwa hufuata mkojo, kinyesi na njia alizopita.

Wengi wa mbwa hawa ni teria, mbwa wadogo wa kuwinda, au machotara wao. Tunawafundisha kuonyesha, si kuua, na New Zealand huvishwa kifunga mdomo ili ndege wasidhurike. Hayo hufundishika. Shida huanza wiki zinapopita bila panya hata mmoja: mbwa hukata tamaa au, mbaya zaidi, huanza kuonyesha pasipo na kitu ili apate zawadi yake. Kwa hiyo mwenzangu huficha harufu ya panya mahali nisipopajua. Lazima nisipajue. Mbwa husoma hatua zangu na pumzi yangu, na nikijua mimi, atajua.

Kule South Georgia, kisiwa cha kusini mwa Atlantiki, helikopta zilimwaga chambo cha sumu kati ya 2011 na 2015. Baadaye mbwa watatu na waongozaji wao walipita mabonde na fukwe, zaidi ya kilomita 2,000, wasipate panya. Kwa ushahidi huo pamoja na wa vifaa vya kunasia dalili za panya, kama nyayo na alama za meno, Mei 2018 kisiwa kikatangazwa hakina panya. Yupo ndege mdogo mwimbaji asiyepatikana popote duniani ila huko, na sasa anazaliana hata pale panya walipokuwa wamemfukuza. Nikimfikiria ndege huyo, simharakishi mbwa hata kidogo.

Kwenu mabaharia, ombi langu ni moja: msimpe biskuti akiwa kazini. Zawadi yake ameizoea kwa jibu la kweli tu.