Anime, filamu za michoro za Kijapani, si katuni za watoto tu
Wengi wakiona mchoro unatembea, hudhani mtazamaji wake lazima awe mtoto. Mchoro ni njia ya kusimulia tu. Umri wa hadithi ni jambo jingine. Chukua filamu ya Grave of the Fireflies ya mwongozaji Isao Takahata, ya mwaka 1988. Seita na mdogo wake Setsuko wanafiwa na mama mji wa Kobe, Japani, ulipopigwa mabomu mwaka 1945. Peremende zikiisha, Seita anatia maji koponi, anatikisa, mdogo wake anywe utamu uliobaki. Baadaye kopo hilohilo linabeba mifupa ya Setsuko. (Hapo nilizima kwanza, nikatoka nje.) Ilipotoka, ilioneshwa sambamba na My Neighbor Totoro, ambayo kweli watoto huipenda. Studio ni hiyohiyo, Ghibli.