Pakiti ya akiba: namna sauti inavyovuka mtandao unaokatika

Mtu wa Makangale, Pemba, anampigia nduguye aliyeko mjini Unguja kwa intaneti kumpa habari za mgonjwa. Anasema "hatasafiri leo". Huku inasikika "atasafiri leo", na watu wanatoka kwenda Malindi kumpokea bandarini. Kilichopotea ni herufi moja tu, lakini kilichobaki ni sentensi kamili, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka wala kuuliza. Kwa sisi tunaofundisha mawasiliano ya kompyuta, hatari kubwa iko hapo: mkato unaosikika mtu huuliza "umesema nini?", lakini mkato usiosikika hupita na maana nyingine.

Simu ya intaneti haisafirishi sauti kama maji ya mfereji. Huikata vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, na kila kipande hutiwa kwenye pakiti yake yenye namba ya mfuatano. Sekunde moja ya mazungumzo huwa pakiti 50. Nyingine hupotea kwa mawimbi dhaifu ya simu, nyingine kwa mvua kubwa inayovuruga mawimbi kati ya mnara na mnara, na nyingine hutupwa makusudi na vifaa vya mtandao vilivyojaa foleni. Namba zile husaidia sana: ikija 7 kisha 9, mpokeaji anajua iliyokosekana ni 8.

Njia ya kwanza ya kuipata ni kuiomba tena. Kwa faili, barua pepe au muamala wa fedha hakuna njia bora zaidi, na ndivyo intaneti inavyofanya kwa vitu hivyo. Kwa sauti haifai. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikioni, ilhali kwenda na kurudi tu mpaka seva iliyoko Ulaya hupita milisekunde 100. Pakiti iliyoombwa upya itafika wakati sentensi yake imeshapita.

Njia ya pili ni kutuma akiba mapema, kabla hakijapotea kitu.

Chukua mfano wa karafuu. Kijana yuko Konde, anataka kumtumia baba yake uzito wa magunia matatu kwa ujumbe mfupi, kila gunia na ujumbe wake: kilo 52, 48 na 50. Anaongeza ujumbe wa nne wenye jumla, 150. Ujumbe wa pili ukipotea, baba hana haja ya kupiga simu. Anatoa 52 na 50 kwenye 150, anapata 48. Na gunia lolote kati ya hayo matatu likikosekana, jumla ileile moja inatosha kulirudisha.

Yakipotea mawili, jumla haitoshi. Basi kijana aongeze ujumbe wa tano: gunia la kwanza mara moja, la pili mara mbili, la tatu mara tatu, yote kwa pamoja. Hiyo ni 52 na 96 na 150, yaani 298. Sasa zikipotea taarifa za gunia la kwanza na la tatu, baba anajua kwamba mawili hayo pamoja ni 102, na kwamba la kwanza likijumlishwa na la tatu mara tatu ni 202. Tofauti ni 100, nayo ni uzito wa gunia la tatu mara mbili. La tatu ni 50, la kwanza 52. Hesabu ya darasani, na inafanya kazi kila mara.

Kompyuta hufanya hivyohivyo kwa biti, yaani zile sifuri na moja zinazobeba sauti. Irving Reed na Gustave Solomon waliandika hesabu ya aina hii mwaka 1960, na imo ndani ya sidii: sidii ya taarab yenye mikwaruzo huendelea kuimba kwa sababu yake. Imo pia kwenye kodi ya QR iliyobandikwa dukani Darajani, ambayo ikitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kinga husomeka hata ikiharibika kwa asilimia 30 hivi.

Faida yake kwenye simu ni kubwa. Tuseme zinapotea pakiti 5 katika kila 100, bila mpangilio. Kila pakiti nne zikiongezewa moja ya akiba, zitakazobaki zimepotea hazifiki 1 katika 100. Gharama ni robo zaidi ya data, na bando ni la mtumiaji. Kodeki ya Opus (kodeki ni programu ya kubana sauti na kuifungua), iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, inaweza kupunguza gharama hiyo kwa kubeba ndani ya kila pakiti nakala hafifu ya kipande kilichotangulia.

Lakini pakiti zina tabia ya kupotea kwa mkupuo, tatu au nne mfululizo, na hapo ndipo "h" yetu inapokwenda. Dawa ni kuiweka akiba mbali na kile inachokilinda, ili mkupuo mmoja usichukue vyote viwili. Mpokeaji inabidi asubiri kidogo, na kila milisekunde ya kusubiri inatoka kwenye zile 150.

Na kuna wakati akiba hudhuru. Usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, kila mtu akiwa mtandaoni, pakiti hupotea kwa sababu njia imejaa. Kuongeza akiba wakati huo ni kuongeza abiria kwenye daladala iliyojaa. Programu nzuri hupunguza kwanza ubora wa picha. Taasisi inayonunua mfumo wa ushauri wa kitabibu au masomo ya mbali kwa ajili ya Pemba isikubali kuonyeshwa kwenye mtandao wa ofisini peke yake. Ipo programu ya bure ya kuigiza upotevu. Mfumo ujaribiwe pakiti 5 zikipotea katika 100, na daktari mwenyewe asikilize.

Nyumbani, sauti ikianza kukatika, zima video. Sauti safi huhitaji kilobiti kama 30 kwa sekunde, video huhitaji mamia. Na habari ya mgonjwa isemwe kwa njia mbili ndani ya pumzi moja: "Hatasafiri leo, analala Pemba."