Noeli na Bonane: pimeni mafuta kabla ya kuwasha mbabula

Tangu kampeni ya diabeti ya tarehe 14 Novemba, watu wamekuja kwa wingi kupimwa uzito, sukari na tansio (shinikizo la damu) katika kitengo chetu cha lishe hapa Lubumbashi, na wale waliozidi uzito wameondoka na karatasi ya ushauri. Tunawashukuru kwa kuitikia. Ila tangu Desemba ianze, malalamiko yanayofika mezani ni ya namna moja: waganga wametunyima sikukuu. Wapo wanaosema tumekataza bukari (ugali), wapo wanaosema tumekataza mbuzi, na wapo wanaotangaza kwenye foleni kwamba karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya Wazungu.

Karatasi haikukataza bukari. Isomeni tena, na upande wa pili pia, maana wengi wanaishia upande wa kwanza. Inataja vipimo tu. Maelezo haya ni ya wale wanaojua tayari IMC yao (uzito ukilinganishwa na urefu) na wanaotaka kuvuka sikukuu bila kurudisha kilo walizozitoa kwa shida. Hayachukui nafasi ya ushauri wa muganga anayewafuata, na hayawahusu wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wala wagonjwa walio kwenye matibabu ya kifua kikuu au ya VVU. Hao wana utaratibu wao wa chakula na waufuate huo.

Tuanze na kalenda. Noeli ni siku moja. Bonane, yaani Mwaka Mpya, ni siku moja. Kinachonenepesha ni kilicho katikati na pembeni: mkesha wa tarehe 24, viporo vya tarehe 26, ndoa ya Jumamosi, ziara kwa shangazi kule komini ya Kenya, kwa kaka kule komini ya Ruashi, kwa mchungaji, halafu tarehe 4 Januari, siku ya Mashahidi wa Uhuru, ambapo kila mtu yuko nyumbani na sufuria bado ina kitu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kilokalori 7,700. Hakuna anayezipata hizo kwa mlo mmoja wa Noeli, hata akijitahidi. Lakini anayezidisha kilokalori 700 kila siku kwa siku 11 amejipatia kilo yake kamili, na 700 hazina ugumu wowote: chupa mbili kubwa za bia na kitumbula kimoja, basi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika orodha ya soko, andikeni orodha ya siku. Chagueni siku mbili, zikizidi sana tatu, ambazo ni sikukuu kweli. Siku nyingine mnakula chakula cha kawaida cha nyumbani, hata kama kuna wageni. Pia pikeni kwa idadi ya watu watakaokuja, si kwa idadi ya watu mnaotamani waje. Viporo vya siku tatu huliwa na mama wa nyumba, kidogo kidogo, akiwa amesimama jikoni, na mara nyingi ni yeye huyo tunayemwona Januari akishangaa mizani.

Sasa mafuta, na hapa tutakaa. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9. Gramu moja ya wanga, sukari au protini inatoa 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni karibu kilokalori 120. Jikoni kwetu mafuta hayapimwi, yanamiminwa kutoka kwenye bidoni mpaka macho yaridhike, na siku ya sikukuu macho hayaridhiki upesi, kwa sababu mboga isiyoelea mafuta inamwaibisha mpishi mbele ya mashemeji. Kuku anakaangwa. Vitunguu na tomati vinakaangwa katika mafuta yaleyale. Kuku anarudishwa humo humo. Sombe (majani ya muhogo) inatiwa mawese na juu yake kalanga ya kutwangwa. Mchele unakaangwa kabla ya kupata maji, viazi vinageuka frite, na salade, ambayo ndiyo ingetuokoa, inazikwa chini ya mayoneze. Lita moja ya mafuta ina zaidi ya kilokalori 8,000. Nyumba ya watu kumi ikimaliza lita mbili siku hiyo, kila mmoja amepewa zaidi ya 1,600 kabla hatujahesabu nyama, bukari wala kinywaji.

Tunachopendekeza ni hiki. Asubuhi, kabla ya kuwasha mbabula (jiko la mkaa), mimineni mafuta ya siku nzima katika chupa tupu iliyo safi na kavu: vijiko vikubwa viwili kwa kila mlaji. Kwa watu kumi ni vijiko 20, yaani sentilita 30 hivi, chini kidogo ya chupa ndogo ya sukre (soda). Bidoni inafungwa na kurudishwa chumbani. Mafuta ya chupa yakiisha, yameisha, na kinachobaki kinapikwa kwa maji, kwa mvuke au juu ya makala, yaani mkaa. Wapishi wanaosaidiana jikoni waambiwe wote, siyo mmoja tu, kwa sababu tumeona mara nyingi dada mkubwa anapima na mdogo anaongeza.

Kuku atolewe ngozi, apakwe limau, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, alale humo saa chache, kisha achomwe. Mbuzi mnamjua: michopo iliyochomwa vizuri haihitaji tone la mafuta, inahitaji mchomaji mwenye subira na mteja asiyeomba vipande vyenye mafuta meupe. Sombe ipate mawese au ipate kalanga, kimoja kati ya hivyo viwili, kwa kuwa kalanga yenyewe karibu nusu yake ni mafuta. Msifupishe muda wa kuichemsha sombe eti kulinda vitamini. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga vizuri na kuchemsha sana ndiko kunakoiondoa. Makayabu (samaki wa chumvi) yalowekwe tangu jioni na maji yabadilishwe angalau mara mbili, hasa kama mezani kuna mwenye tansio. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kipande cha makayabu ambacho hakikulowekwa kinakula sehemu kubwa ya hizo peke yake.

Kuna hoja tunayoisikia kila siku: mawese ni ya asili, kwa hiyo hayanenepeshi. Tafadhali. Rangi nyekundu ya mawese ni karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na sifa hiyo hatuwanyang'anyi. Kilokalori zake ni zilezile 9 kwa gramu, na karibu nusu ya mafuta yake ni yale yaliyoshiba, ambayo mwenye matatizo ya moyo ameshaambiwa ayapunguze. Ndugu yake hoja hiyo ni ile ya bukari ya muhogo kuwa nyepesi kuliko ya mahindi. Kwa nguvu inayotoa, unga wa muhogo na unga wa mahindi vinalingana karibu sawa. Tofauti ni kwamba mahindi yana protini zaidi. Kuleni mnayoipenda. Kipimo ni ngumi moja ya mlaji mwenyewe, na ikiwa mnakula sinia moja kwa mikono, basi kila mtu akatiwe fungu lake pembeni kwanza, maana kwenye sinia la pamoja hakuna anayejua alichokula.

Kosa kubwa la meza ya Bonane si bukari yenyewe. Ni bukari pamoja na mchele, pamoja na makaroni, pamoja na frite na mkate, vyote katika sahani moja kwa sababu vyote vimepikwa. Chagua wanga mmoja. Ukitaka mchele siku hiyo, bukari inakungoja kesho.

Vinywaji kwa ufupi. Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina takriban gramu 35 za sukari, sawa na vipande saba vya gramu 5. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, sukari ya kuongezwa inatakiwa ibaki chini ya gramu 50, na ikiwezekana chini ya 25. Chupa kubwa ya bia ina karibu kilokalori 300. Munkoyo (kinywaji cha mahindi na mizizi) ambao haujatiwa sukari unafaa kuliko sukre, ila siku hizi wauzaji wanautia sukari kwa mkono mpana. Ulizeni kabla ya kununua. Kwenye sherehe, jagi la maji safi liwekwe mezani kabla ya kasiye (kreti ya vinywaji) kufunguliwa. Haina gharama na hatuelewi kwa nini inaonekana ni aibu.

Desemba, kwa bahati, ni mwezi mzuri wa kula vizuri hapa kwetu. Mvua imenyesha, mboga za majani kama lengalenga, chibwabwa na matembele zimejaa masokoni, uyoga wa msituni unauzwa kando ya barabara, maembe yameiva. Uyoga ni maji kwa sehemu kubwa sana na unajaza sahani bila kujaza nguo, ila nunueni aina mnayoijua kwa muuzaji mnayemjua, kwa sababu uyoga wenye sumu haurudishi pesa. Finkubala (viwavi) waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Waloweke, wachemshe na tomati na kitunguu, badala ya kuwakaanga mpaka wamenyonya kijiko chako chote. Samaki mbichi wa Kasenga akipikwa mchuzi mwepesi au akichomwa anashinda kuku wa barafu kwa ladha, na hilo ni maoni yangu binafsi, siyo ya kitengo. Nusu ya sahani iwe mboga na ianze kujazwa na mboga. Robo nyama au samaki, robo wanga. Embe moja mwishoni linatosha kuwa keki.

Tunajua kuna jambo jingine ambalo karatasi haikuligusa. Hapa kwetu mtu akipungua, watu wanauliza nani amemroga, au bwana ameacha kumtunza, au ana ugonjwa ule. Mama mkwe akikuona huongezi sahani anachukua kijiko mwenyewe. Kukataa mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na hatumshauri mtu yeyote agombane na mama mkwe siku ya Noeli. Pokea sahani ya kwanza ikiwa ndogo, kula polepole, acha kitu kidogo kibaki, ukiulizwa sema, "Asante mama, bado ninakula." Sahani yenye kitu haiongezwi kwa urahisi. Na wanaopakua nao wamwachie mgeni nafasi ya kusema imetosha. Kumlazimisha mwenye diabeti kula siyo upendo, hata kama nia ni njema.

Sasa tuje kwenye yale yanayotuchosha. Maji ya moto na limau hayayeyushi mafuta ya tumbo. Kushinda na njaa tarehe 25 ili kuacha nafasi ya jioni kunakufikisha mezani ukiwa huna breki. Kula asubuhi, kitu chepesi, yai na tunda kwa mfano. Chai za kupunguza uzito zinazopitishwa kwenye magari ya abiria nyingi ni za kuharisha tu: unapoteza maji na chumvi za mwili, siyo mafuta, na mizani inarudi palepale ukishakunywa. Kwa upande mwingine kuna wanaomeza dexa au siproheptadini (dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula) ili wanenepe wapendeze kwenye picha za Bonane. Dexa ni kotikoidi, dawa ya jamii ya kortisoni. Inapandisha sukari na tansio, inavimbisha uso, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda ni hatari. Aliyekwisha kuianza asiiache peke yake, aje aonwe.

Wauzaji nao wasikie. Dawa zinauzwa katika famasia zilizo na idhini, na dawa hizi hutolewa kwa maandishi ya muganga. Anayezitandaza sokoni anajiweka katika hatari ya mali kukamatwa na wakaguzi, prosè-verbale (maandishi ya kosa) kuandikwa, kibanda kufungwa na faili kupelekwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Kusema "nilikuwa namuuzia mwenzangu tu" hakufuti chochote, wala kusema kwamba hukujua kilichomo kwenye kopo. Mnunuzi aliyedhurika atunze kopo, karatasi yake na kipande kilichobaki, aje navyo. Bila hivyo mkaguzi hana pa kuanzia.

Kuhusu fishi (kadi) ya kupima uzito. Anayefuatwa na kitengo atapimwa mara ya mwisho kabla ya Noeli na mara ya kwanza katika juma la pili la Januari, asubuhi, bila viatu, bila koti, mifuko ikiwa mitupu, simu pia iwekwe mezani. Anayepimwa sukari aje hajala tangu usiku, maji anaruhusiwa. Fishi iletwe. Asiyekuja mara mbili mfululizo bila kutoa taarifa, fishi yake inapelekwa kwenye hifadhi na atafunguliwa nyingine kuanzia mwanzo, pamoja na malipo ya konsultasyo. Kumtuma mtoto na fishi ili "aandikiwe uzito uleule wa mwezi uliopita" hakukubaliki. Limetokea zaidi ya mara moja.

Wanaotumia insulini au vidonge vya diabeti wasibadilishe dozi wala saa za kula kwa ajili ya sikukuu kabla ya kumwona muganga, na wasinywe pombe bila kula. Hao waje mapema, kabla ya tarehe 20 Desemba. Hawapangi foleni ya mizani: waoneshe fishi mlangoni, wataingizwa moja kwa moja.