Giligilani juu ya jiwe: kinachoua viungo vya ndoo hapa Mwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Bwana shamba, giligilani yangu imeota vizuri, mbona inatoa maua kabla sijaila?" Wengi wanaouliza wanaishi milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo, huko ambako uwanja wa nyumba ni jiwe tupu na bustani ni ndoo tatu nne zilizopangwa juu ya jiwe hilo. Mbegu haina kosa. Mbolea nayo haina kosa, ingawa ukilalamika dukani utauziwa nyingine. Kosa ni joto la mizizi.

Maelezo mengi ya kilimo cha giligilani yanatoka nchi za baridi, na yanasema mmea huu hukimbilia maua siku zinaporefuka. Sisi tuko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta; mchana wetu ni wa saa 12 hivi, Januari mpaka Desemba. Siku hazirefuki. Kinachobaki ni joto, kiu na msongamano, na giligilani ikibanwa na mojawapo huacha majani, ikaharakisha kuzaa.

Hewa ya Mwanza yenyewe haina ubaya. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana ni nyuzi 28 au karibu na hapo, usiku panapoa. Ila udongo wa ndani ya ndoo nyeusi, ule unaogusa plastiki upande wa jua, unaweza kupita nyuzi 40 mchana wa jua kali. Sasa chukua ndoo hiyo uikalishe juu ya graniti yetu. Jiwe linafyonza jua kutwa, halafu linalirudisha polepole usiku, saa ambazo mizizi ilitakiwa kupoa. Mwenye nyumba anamwagilia jioni, anaona majani yamesimama, anaenda kulala na moyo mweupe, huku mmea unapikwa kwa chini.

Tiba yake ni rahisi kuliko mbolea. Inua ndoo juu ya matofali mawili, hewa ipite chini. Tumia chombo cheupe, au ukipake chokaa, au ukivishe gunia kuukuu. Mimi napenda madumu ya njano ya mafuta ya kula, yale ya lita 20, yakilazwa na kukatwa ubavu: ni mepesi, hayafyonzi joto sana, na yana nafasi ya kutosha. Kisha yaweke upande wa mashariki wa nyumba, yapate jua la asubuhi, na baada ya adhuhuri ukuta wenyewe uyakinge. Kopo la lita moja dirishani linapendeza kwenye picha, lakini kwa giligilani ni bure; litakuwa limekauka kabla ya adhuhuri. Mzizi wake mkuu unashuka moja kwa moja chini, hivyo kina cha chombo kisipungue sentimita 20, na usiioteshe kitaluni ukitarajia kuihamisha. Inachukia kuhamishwa.

Mbegu ziko sokoni, kwa wauza viungo vya pilau. Omba nzima, ambayo haijakaangwa. Kila punje unayoiona ni tunda lenye mbegu mbili ndani, kwa hiyo isugue kidogo kwa chupa mezani mpaka ipasuke, uiloweke usiku mmoja, uipande sentimita moja chini, na uache kama sentimita tano kati ya shina na shina. Kuota huchukua wiki moja hadi mbili, pengine tatu. Watu wengi hukata tamaa siku ya nane wakaanza kufukua kuangalia, na hapo ndipo wanapoziua. Jambo jingine ambalo wauzaji wa mbegu hawalisemi: giligilani si mmea wa kudumu. Utakata mara mbili, tatu, basi. Anayetaka majani kila siku apande chombo kipya kila baada ya wiki mbili, kimoja kikiisha kingine kiko tayari.

Udongo nao una mambo yake. Ule wa milimani ni mchanga wa graniti iliyomeguka. Maji yanapita humo bila kusalimia. Ule mweusi wa mbugani unashika maji mno, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Changanya debe mbili za udongo wa kawaida, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hasa (isiwe na harufu wala joto ukiingiza mkono), na moja ya pumba za mpunga. Pumba tunazo, ukanda huu unalima mpunga na mashine za kukoboa hazikosi mlima wa pumba uani. Zilizochomwa zikawa nyeusi ni bora zaidi.

Wengi hutandaza kokoto chini ya ndoo wakiamini zinasaidia maji kutoka. Zinafanya kinyume. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Husimama kwanza juu yake mpaka udongo ulowe kabisa, na mizizi inabaki na nafasi ndogo zaidi ya kupumua. Toboa matundu sita chini, jaza udongo mpaka juu, kokoto wape mafundi.

Maji ya kumwagilia ndiyo sehemu ninayoomba muwe makini, hasa walio karibu na ziwa. Kichocho kipo kwenye kingo zetu, na kinaingia kwa kupita kwenye ngozi. Kumtuma mtoto aingie maji ya magoti na ndoo kwa ajili ya mnanaa si bei ya kulipa. Maji ya ziwa yakikaa kwenye pipa lisilo na konokono kwa saa 48, vimelea vya kichocho vinakuwa vimekufa, lakini vijidudu vya kuhara si lazima vife. Giligilani na mnanaa tunakula vibichi. Basi mwagilia udongo, usimwagilie majani, na uyaoshe kwa maji safi kabla ya kukatia kachumbari. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kulima nyumbani: mboga za majani zinazomwagiliwa kwa mifereji ya mjini zinafika sokoni zikiwa kijani na nzuri, na huwezi kujua zilikunywa nini.

Viungo vingine nitavipitia haraka, maana haviwasumbui watu kiasi hicho.

Mnanaa unataka maji na chombo chake peke yake. Mashina yake yanatambaa na kuota mizizi kila yanapogusa udongo. Uchanganye na mrehani, na baada ya muda utabaki na mnanaa. Tawi lolote la sokoni, likiwekwa kwenye glasi ya maji, hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Uweke chini ya koki ya tangi panapodondoka dondoka.

Mchaichai usiuweke kwenye ndoo kama una hata ukanda mwembamba wa ardhi. Upande kwa mstari kukata mteremko, utashika udongo mvua za masika zisiupeleke kwa jirani wa bondeni. Kwa chai majani yanatosha. Kwa mchuzi wa sangara tumia kitako cha shina, kile cheupe, ukiponde na kukitia tangu mwanzo.

Mrehani kata juu ya jozi ya majani, kila tawi litoe mawili, na vunja maua yanapochungulia. Ukiona vidukari, nyunyiza maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, halafu suuza kesho yake. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi na kufunika kila kitu hawana neno na mimea, kung'uta tu. Kuku wa jirani ni suala la uzio na mazungumzo.

Rozmari ndiyo pekee ninayoiacha juu ya jiwe. Asili yake ni pwani kavu za Mediterania, inapenda jua na mchanga, na hapa kwetu inakufa kwa kupendwa: kila anayepita na kopo la maji anaiongezea. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kama kuna unyevu, geuka uende zako. Isogeze chini ya paa wakati wa masika.

Turudi kwenye ile giligilani iliyokwisha kutoa maua, maana najua unayo. Usiing'oe. Punje zake zikiwa bado kijani zina harufu kati ya jani na mbegu. Zitwange na kitunguu saumu, pilipili na chumvi, umpake sato kabla ya kumchoma. Bakiza chache zikauke kwenye shina mpaka ziwe kahawia, na uzichukue kwenye mashina yaliyochelewa kutoa maua, si yale yaliyowahi. Ukirudia hivyo kila msimu unajichagulia mbegu inayovumilia uwanja wako mwenyewe. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, plastiki inazivundisha, na andika mwezi juu yake.